Safaricom: Kampuni Iliyojengwa kwa Shilingi Ishirini

Agosti 2010, kampuni ya simu ya Zain ilishusha bei ya kupiga simu nchini Kenya hadi shilingi 3 kwa dakika, kwenda mtandao wowote. Muda mfupi kabla yake, tume ya mawasiliano, CCK, ilikuwa imeikata nusu ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokelewa simu zake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Zain, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imenunuliwa na Bharti ya India, iliona mwanya ikaingia kwa kishindo. Kwa hesabu za kawaida za sokoni, Safaricom, kampuni kubwa ya simu nchini, ilikuwa ikimbiwe na wateja. Aprili 2011 ikaongezeka ruhusa ya mteja kuhama mtandao na namba yake ile ile, yaani hata kile kisingizio cha “watu wote wana namba yangu” kikaondolewa.

Haikukimbiwa. Ililazimika kushusha bei zake, na faida ikapungua miaka miwili mfululizo, lakini wateja wakabaki pale pale. Wengi walinunua laini ya pili, wakaitumia kupiga simu za bei nafuu, kisha wakarudi kwenye ile ya kwanza kwa mambo yao muhimu. Mwishoni mwa 2011 Safaricom ikathubutu hata kupandisha bei, na watu wakalalamika kidogo wakatulia.

Sababu zinazotajwa za ukuu wa kampuni hii zinajulikana: mtandao unaofika mbali, huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa, kubebwa na serikali, bahati ya kuanza mapema. Kila moja ina ukweli wake. Lakini zote zimekaa juu ya jambo moja ambalo kampuni hii ililielewa tangu mwaka 2000 na washindani wake wakachelewa kulielewa: kwamba Mkenya wa kawaida hana pesa nyingi kwa wakati mmoja, ila ana pesa kidogo mara nyingi. Ukuaji wote wa Safaricom ni namna moja baada ya nyingine ya kuokota hizo pesa kidogo. Na hoja yangu ya pili haipendezi kama ya kwanza. Wenye hizo pesa kidogo ndio waliokuwa wa mwisho kwenye foleni kila pesa kubwa zilipogawanywa.

Tuanze na asili, kwa sababu hapo pana hadithi inayosimuliwa kwa upande mmoja. Safaricom haikuzaliwa katika sekta ya kibinafsi. Ilianza 1993 kama idara ndani ya KPTC, shirika la serikali la posta na simu, ikiendesha mtandao wa analojia uliowahudumia wakubwa na matajiri. Ilisajiliwa kuwa kampuni Aprili 1997. KPTC yenyewe ilikuwa maarufu kwa kusubirisha watu: mtu aliomba simu ya mezani akazeeka akiingoja. Mwaka 1999 shirika hilo likavunjwa vipande vitatu, Telkom Kenya, Posta na hiyo tume ya CCK, na Safaricom ikabaki chini ya Telkom. Mei 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40 ya hisa pamoja na usukani. Michael Joseph, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaletwa kuiendesha. Wateja aliowakuta hawakufika 20,000.

Mwaka huo huo akaingia mshindani wa kweli. Kencell ilikuwa na Vivendi ya Ufaransa nyuma yake, na mshirika wa hapa nyumbani, Sameer Group. Kila kampuni ililipia leseni yake dola milioni 55. Kwa mitambo hapakuwa na tofauti ya kutisha kati yao. Tofauti ilikuwa kwenye kuhesabu. Kencell ilihesabu kwa dakika: ukizungumza sekunde kumi, umelipa dakika nzima. Safaricom ikahesabu kwa sekunde.

Jambo hili linaonekana dogo hadi ulitazame kwa macho ya mtu aliyebakiwa na shilingi kumi na mbili kwenye simu. Mteja wa Kencell mwenye salio hilo hakuthubutu kupiga. Wa Safaricom alipiga, akasema “nimeshuka stage, njoo,” akakata, na bado akabakiwa na salio la kupiga tena. Watu wakajifunza kuzungumza kwa haraka, salamu zikafupishwa, na aliyezoea kuuliza habari za ng'ombe na mvua akaambiwa “nitakupigia jioni.” Michael Joseph aliwahi kulalamika hadharani kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, na kauli hiyo ikamganda hadi leo. Kilichomshangaza ni mtandao kulemewa kwa sababu watu wote walipiga kwa wakati mmoja. Hapakuwa na ajabu yoyote. Watu walikuwa wanapiga hesabu, na kampuni yake ndiyo iliyowapa kitu cha kupigia hesabu.

Kencell yenyewe ikawa Celtel mwaka 2004, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Majina manne katika miaka kumi. Kila jina lilikuja na rangi mpya, matangazo mapya, na mkurugenzi aliyeanza upya kulisoma soko ambalo mwenzake wa Safaricom alikuwa ameliishi bila kuhama. Huwa nashangaa jinsi wachambuzi wanavyolipita jambo hili haraka. Utulivu nao ni mtaji.

Baada ya sekunde zikaja kadi za kukwangua. Za mwanzo zilikuwa za mtu mwenye mshahara. Zikapunguzwa hatua kwa hatua hadi zikafika Bamba 50, kisha Bamba 20, na baadaye hata ya shilingi 10. Aliyeishi miaka ile hatasahau: kikaratasi kidogo kuliko tiketi ya basi, ukucha au sarafu ya kukwangulia, vumbi la rangi ya fedha kwenye vidole, kisha nyota, 141, nyota, namba ndefu ambayo ukikwangua kwa hasira unaifuta, halafu reli. Kadi hizo zilining'inia dukani kando ya mafuta ya kupikia yanayopimwa kwa kijiko na majani ya chai ya shilingi tano, na hapo ndipo zilipostahili kuwa, kwa maana zilikuwa bidhaa ya aina ile ile. Uchumi wa kadogo, wa kuuziana kwa vipimo vidogo vidogo, ulikuwepo kabla ya Safaricom. Kampuni haikuubuni. Ilichofanya ni kukubali kuingia humo, jambo ambalo benki zilikuwa zimelikataa kwa miaka mingi kwa kuweka viwango vya juu vya kufungulia akaunti.

Kisha likaja kundi zima la vijihuduma vya mtu asiye na salio. Sambaza, ya kumgawia mwenzako salio ulilonalo. Ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, ambao ulihalalisha kile ambacho watu walikuwa wanakifanya tayari kwa kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa. Okoa Jahazi, ya kukopa salio na kulipa utakapoongeza, kwa ada ya asilimia kumi. Hiyo asilimia kumi ni ya kuangaliwa vizuri. Ni ada kubwa kwa mkopo unaolipwa kesho au keshokutwa, lakini kwa mtu anayekopa shilingi ishirini ni shilingi mbili tu, na nani atagombana kwa shilingi mbili? Ndivyo kidogo kinavyofanya kazi: bei yake haionekani mpaka uijumlishe, na anayejumlisha ni kampuni peke yake.

M-Pesa imeandikwa mno na sina haja ya kuirudia yote. Ila sehemu moja ya kuzaliwa kwake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Wazo lilitoka Vodafone, kwa Nick Hughes na Susie Lonie, likapata msaada wa fedha kutoka DFID, idara ya serikali ya Uingereza ya misaada ya maendeleo. Majaribio yalianza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa la kawaida kabisa: mkopaji alipe marejesho yake kwa simu badala ya kubeba pesa hadi kwenye mkutano wa kikundi. Mfumo huo uliwasumbua Faulu, kwa sababu vitabu vyao havikuwa vimeandaliwa kwa mwendo huo. Lakini wale washiriki wachache wakaanza kufanya mambo ambayo hawakufundishwa. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wafanyabiashara waliweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wakikwepa wezi wa njiani. Wengine walinunulia ndugu wa mashambani salio kwa mbali.

Waliokuwa wakiendesha majaribio waliona hilo wakaachana na mikopo. Huduma ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, ilikuwa ya jambo moja tu: kutuma pesa nyumbani. Wakati ule pesa za nyumbani zilisafiri ndani ya bahasha kwa dereva wa matatu, au kwa kampuni za mabasi, au kwa hundi ya posta, au kwa binamu anayekwenda likizo. Kila njia ilikuwa na hadithi zake za pesa zilizofika pungufu.

Na ada? Mwanzoni kutuma kiasi chochote kuanzia shilingi 100 hadi 35,000 kwa mtu aliyesajiliwa kulikuwa shilingi 30. Kutoa hadi shilingi 2,500 kulikuwa 25, na kutoa kiasi cha juu kabisa kulikuwa 170. Hebu tufanye ile hesabu ambayo mteja hakuifanya. Anayetuma 35,000 na kuzitoa zote, safari nzima imegharimu shilingi 200, yaani chini ya asilimia moja. Anayetuma shilingi 100 na kuzitoa amelipa 55, zaidi ya nusu ya pesa yenyewe. Ni kweli kwamba wachache walituma mia moja, na ni kweli pia kwamba hata kwa ada hizo M-Pesa ilikuwa nafuu na salama kuliko bahasha. Leo kutuma hadi shilingi 100 ni bure. Lakini umbo la ada kwa ujumla wake halijabadilika: kadiri kiasi kinavyopungua ndivyo mkato unavyokuwa mkubwa kwa kila shilingi. Biashara ilijengwa hapo, kwa miamala mingi midogo, si kwa michache mikubwa.

Mzigo wa kuikusanya hiyo midogo uliwekwa mabegani mwa wakala. Nenda kwenye kibanda chochote kilichopakwa kijani uone kazi ilivyo. Wakala ana mtaji wa aina mbili, noti mkononi na floti, yaani salio la pesa kwenye simu, na siku nzima anahangaika moja isiishe kabla ya nyingine. Mwisho wa mwezi watu wanatoa, noti zinaisha. Shule zinapofunguliwa watu wanaweka, floti inaisha. Katikati anakimbia benki, akimwacha shemeji kibandani. Kwa miaka mingi aliandika kila muamala kwenye daftari kubwa la mistari: jina, kitambulisho, kiasi, sahihi ya mteja. Hatari ya kuibiwa ni yake, noti bandia ni zake, kodi ya kibanda ni yake. Kampuni inamlipa kamisheni. Benki ingetaka kujenga matawi mangapi kuwafikia watu wanaofikiwa na mawakala hawa zaidi ya 200,000? Mtandao wa Safaricom wenye thamani kubwa kuliko wote haujengwi kwa chuma, na mitaji yake mingi haikutoka kwa Safaricom.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilifunga barabara na maduka. Waliokwama waliendelea kutumiwa salio na pesa na jamaa zao, pale wakala alipothubutu kufungua. Watu walioiona M-Pesa kama mchezo wa vijana wa Nairobi waliiamini wakati ule. Mwaka uliofuata benki zikapiga kelele, na Desemba 2008 kaimu waziri wa fedha, John Michuki, akaagiza mfumo huo ukaguliwe. Majibu yalitoka Januari 2009: mfumo ulikuwa salama. Hapa ndipo wanaosimulia Safaricom kama ushindi wa sekta ya kibinafsi wanapoisahau serikali. Benki Kuu ingeweza kuizima huduma ile kwa barua moja, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyoiruhusu. Iliamua kuiacha ikue kwanza, kanuni zifuate. Uamuzi ule una thamani kuliko mnara wowote.

Sasa ndipo tunaelewa kwa nini shilingi 3 za Zain hazikumtoa mtu. Kufikia 2010 laini ya Safaricom haikuwa tena simu tu. Ilikuwa mahali ambapo mama alipokea, chama cha akiba kilichanga, mwenye nyumba alilipwa. Ungeweza kuhama na namba, ila usingehama na mama, chama na mwenye nyumba. Na ili mambo yabaki hivyo, mikataba ya mawakala iliwazuia kuhudumia mtandao mwingine. Kifungu hicho kilidumu hadi Julai 2014, pale Safaricom ilipokubali kukiondoa baada ya Airtel kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya ushindani. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka pochi, yaani akaunti ya pesa za simu, ya mtandao mmoja kwenda ya mwingine kulisubiri hadi 2018. Miaka kumi na mmoja tangu uzinduzi. Kwa mitambo ilikuwa kazi ya miezi. Kwa biashara, kila mwaka wa kuchelewa ulikuwa mwaka wa mteja kuzidi kufungwa.

Ndani ya miaka hiyo Yu iliingia sokoni na kutoka, Orange nayo ikafungasha. Safaricom chini ya Bob Collymore, aliyechukua nafasi ya Joseph mwishoni mwa 2010 na kuishika hadi kifo chake Julai 2019, ikaongeza mtandao wa kasi, M-Shwari ya kuweka na kukopa, Lipa na M-Pesa ya madukani, na Januari 2019 Fuliza, inayokuwezesha kulipa hata pesa ikiwa imepungua. Fuliza ni Okoa Jahazi iliyokomaa. Mkopo mdogo, ada ndogo, siku chache, na unajirudia. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2021 mapato ya M-Pesa yaliyapita ya simu za sauti kwa mara ya kwanza, kwa tofauti ndogo kabisa. Katika ule uliomalizika Machi 2025 M-Pesa iliingiza takriban shilingi bilioni 161. Tunaiita kampuni ya simu kwa mazoea.

Anayetaka kuona Safaricom ilivyo bila hiyo pochi atazame Ethiopia. Mwaka 2021 muungano ulioongozwa nayo ulilipa dola milioni 850 kwa leseni, na huduma zikafika Addis Ababa Oktoba 2022. Leseni ya M-Pesa ilikuja baadaye, huduma ikaanza Agosti 2023, wakati kampuni ya serikali, Ethio Telecom, ilikuwa imeshatangulia na telebirr yake tangu 2021. Kule Safaricom ndiyo iliyokuta mama na mwenye nyumba tayari wako kwenye pochi ya mwingine. Kisha Julai 2024 sarafu ya huko, birr, ikaachiwa ishuke, na hasara ya Ethiopia ikazidi kuuma. Inajenga minara, inauza data, wateja wanaongezeka, lakini inapigana kama mtandao wa kawaida unavyopigana. Airtel ya Kenya lazima inatabasamu.

Turudi kwenye ile foleni ya wagawanaji. Wa kwanza kutajwa ni Mobitelea, kampuni iliyosajiliwa kisiwani Guernsey, ambayo ilijikuta na kipande cha Safaricom kupitia hisa za Vodafone. Kamati ya bunge ya uwekezaji wa umma iliichunguza mwaka 2007, na swali la nani hasa walikuwa wenye Mobitelea halikupata jibu la wazi mbele ya umma. Mwishowe Vodafone ikawa imezinunua hisa hizo zote. Waliokuwa nyuma ya jina lile walipata faida ya kampuni iliyoanzishwa na shirika la umma, na umma haukuambiwa ni nani.

Kisha ikaja zamu ya wananchi, au ndivyo walivyoambiwa. Machi 2008, nchi ikiwa bado inajifuta machozi ya ghasia, serikali ya Mwai Kibaki ilitoa sokoni hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Kumbuka tunazungumzia kampuni iliyotajirika kwa kadi ya shilingi ishirini. Siku ya kuuza hisa zake, kadogo hakikuwepo. Hata hivyo watu walijitokeza kwa mamia ya maelfu. Walimu walichukua mikopo ya benki, vyama vikachanga, ng'ombe wakauzwa. Maombi yalizidi hisa mara nne na ushee, hivyo wengi walipata sehemu ndogo ya walichoomba na kurudishiwa pesa nyingine, huku riba ya mkopo ikiwa inahesabiwa kwa mkopo wote.

Hisa ziliingia Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni 2008, zikapanda kidogo, kisha mtikisiko wa fedha duniani ukafika. Mapema 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa mkopo hakuwa na uwezo wa kungoja, akauza kwa hasara. Aliyekuwa na uwezo wa kungoja alizipata kwa bei ya kutupa, na mwaka 2021 akaziona zikipita shilingi 40. Hakuna aliyeiba hapo. Soko lilifanya kazi yake kama soko, na aliyekuwa na akiba aliushinda uvumilivu wa aliyekuwa na deni. Lakini ule wimbo wa 2008, kwamba mwananchi sasa ndiye mwenye Safaricom, ulikuwa wa kampeni zaidi ya hesabu.

Serikali yenyewe ilibaki na asilimia 35, na ikagundua kwamba inaweza kuvuna mara tatu: kama mwenye hisa kwa gawio, kama mtoa leseni, na kama mtoza kodi. Ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa ulifika asilimia 12 mwaka 2018 na 15 mwaka 2023. Nayo imejifunza kuokota kidogo kidogo kutoka mifuko ile ile. Mdhibiti anapofikiria kuibana kampuni hii ili washindani wapumue, anaibana pia hazina ya mwajiri wake. Miaka yote ya mjadala kuhusu ukubwa wa Safaricom sokoni, nimekuwa nikisoma ripoti na taarifa nikitafuta mahali ambapo mgongano huo umetajwa kwa sauti. Ni nadra.

Desemba 2025 ukatangazwa mpango wa serikali kuiuzia Vodacom, kampuni tanzu ya Vodafone, asilimia 15 kwa shilingi 34 kwa hisa, jumla takriban shilingi bilioni 204. Pamoja na hisa ambazo Vodacom ilikuwa nazo, na zile za Vodafone, kampuni hiyo ya Afrika Kusini ingefikia asilimia 55 na serikali ingebaki na 20. Wenye kupinga walisema bei ni ndogo. Wenye kuunga mkono walisema ni kubwa kuliko ya sokoni siku ile, na ni kweli ilikuwa kubwa. Mimi naona ubishi huo umekaa pembeni ya jambo lenyewe. Serikali inapouza hisa za kampuni inayotawala soko, bei nzuri kwa muuzaji ni ile inayochukulia kwamba utawala huo utaendelea. Kila shilingi ya ziada juu ya bei ni ahadi ya kimya kwamba ada hazitabanwa na wateja hawatapewa njia rahisi ya kutoka. Muuzaji na mdhibiti wakiwa nyumba moja, ahadi hiyo haihitaji kuandikwa.

Wazo la kuitenganisha M-Pesa na mtandao, kila upande uwe na leseni na vitabu vyake, limezungumzwa kwa miaka kadhaa kati ya kampuni na Benki Kuu. Lingempa Airtel au mwingine yeyote nafasi ya kuuza simu na data kwa mtu ambaye pochi yake iko kwingine, kama inavyowezekana kubadilisha benki bila kubadilisha simu. Pia lingeonyesha kwa mara ya kwanza ni kiasi gani cha faida kinatokana na huduma nzuri na kiasi gani kinatokana na kufungwa kwa mteja. Wakati wa kulifanya ni kabla ya kuuza. Baada ya hapo mnunuzi atakuwa amelipia vyote viwili kama kitu kimoja, na atakuwa na haki ya kwenda mahakamani kudai fidia, ambayo italipwa kutokana na ushuru ule ule wa asilimia 15.